Huyu Mbwa wa Nani?

Jioni ya leo, msikilizaji wa Ngara na Biharamulo, nataka tuzungumze juu ya mavi ya mbwa. Nayataja kwa jina lake, kwani kila asubuhi tunayakanyaga, na tukianza kuyavisha maneno ya adabu kipindi kitakwisha hatujafika popote.

Msimu uliopita wa kahawa, mama mmoja jirani yangu aliamka alfajiri kukunjua turubai lake. Jioni alikuwa amelikunja vizuri juu ya kahawa, akaliwekea mawe kwenye pembe ili upepo usilifunue. Asubuhi akakuta mbwa amelala juu yake, amelichana kwa kucha, na kabla ya kuondoka amejisaidia pale pale kwenye mkunjo. Kahawa ni kitu kinachonyonya harufu, kila mkulima wa Ngara anajua. Yule mama alichota kahawa ya upande ule yote, akaitupa shimoni. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa: kuchuma, kubeba, kugeuza juani, kukimbilia mvua. Akasimama katikati ya ua akauliza kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya nne, "Huyu mbwa wa nani?"

Kimya. Nyumba zote nne zina mbwa, na wenyewe wote walikuwapo.

Nimekaa katika kitongoji kile miaka mingi. Usiku kila mbwa ana mwenyewe. Akibweka saa nane, mtu anageuka kitandani na kujisemea kwamba mbwa wake ameona kitu. Mwizi wa mbuzi akitimuliwa, kesho yake kisimani utasikia mtu akijigamba jinsi mbwa wake alivyo mkali. Kukipambazuka, mbwa yule yule hana banda, hana kamba, hana sahani. Anafunguliwa mlango akajitafutie. Kuanzia hapo anageuka kuwa mbwa wa kijiji. Akichafua mbele ya darasa, ni wa kijiji. Akilamba sufuria ya jirani, ni wa kijiji. Akimuuma mtoto, hana mwenyewe kabisa.

Na hilo la sufuria lisipite hivi hivi. Majirani zetu Waislamu, na wako wengi kuanzia Biharamulo mjini mpaka njia panda ya Nyakanazi, wanajua maana ya chombo kilicholambwa na mbwa. Kwa mafundisho wanayoyafuata wengi wao, chombo hicho huoshwa mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Mama amechota maji mbali, ameyatua kichwani, ameingia ndani kuchukua kata. Mbwa wako amepita na kutia ulimi. Umemwongezea mwanamke huyo safari nyingine ya kisimani, na wewe uko shambani hujui lolote.

Nirudi kwenye mavi. Nchi hii imefanya kazi kubwa ya vyoo. Kampeni ya Nyumba ni Choo imetangazwa redioni, mikutanoni na mabarazani, na tumeisikia hadi watoto wanaiimba. Tumechimba, tumeezeka, tumeweka ndoo ya kunawia mikono na sabuni. Ua ule ule wenye choo kizuri unakuta una mbwa wawili wanaojisaidia kwenye tuta la mchicha, na mtoto anayejifunza kutambaa anapita hapo hapo na kutia vidole mdomoni.

Mbwa, hasa kitoto cha mbwa, hubeba minyoo inayoitwa toksokara. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yai lililotoka leo haliambukizi leo hii. Linahitaji kama wiki mbili au zaidi kukomaa udongoni, na likishakomaa linaweza kukaa hai miaka. Kwa hiyo yale mavi meupe yaliyokauka, yaliyosagika na kuwa vumbi, ambayo sisi tunayaona hayana neno tena, ndiyo ya kuogopa. Mtoto akimeza yai hilo kwa udongo au kwa mboga isiyooshwa, kinyoo hutoka tumboni na kutangatanga mwilini. Hupita kwenye ini, hupita kwenye mapafu, na wakati mwingine huingia jichoni. Wapo watoto duniani waliopoteza uwezo wa kuona jicho moja kwa ajili hiyo. Kuna pia safura ya mbwa, ambayo haihitaji hata kumezwa. Mtoto akikaa chini au akitembea peku, kinyoo kinapenya ngozi na kuchora mstari mwekundu wenye mwasho, mstari unaosogea kila siku chini ya ngozi kama njia ya siafu.

Wafugaji wa mbuzi nao wanisikilize. Umewahi kuona mbuzi anazunguka upande mmoja, kichwa kimepinda, anagonga ukuta, halafu anakufa? Wengi husema ni kizunguzungu, wengine husema amerogwa. Mara nyingi ukipasua fuvu utakuta kifuko cha maji ndani ya ubongo. Kifuko hicho ni mtoto wa mnyoo tegu anayeishi tumboni mwa mbwa. Mbwa amejisaidia malishoni, mbuzi amekula majani pamoja na mayai, kinyoo kutoka kwenye yai kimepanda hadi ubongoni. Kisha sisi wenyewe tunachinja yule mbuzi mgonjwa na kumtupia mbwa kichwa kibichi, mduara unaanza upya. Wamasai wa Ngorongoro wanaujua ugonjwa huu na wana jina lake, ormilo. Yako pia malengelenge ya maji unayoyakuta kwenye ini na mapafu ya ng'ombe machinjioni. Nayo yanatokana na mnyoo wa mbwa, na yanaweza kuota ndani ya ini la binadamu yakakua miaka kumi kabla hajajua. Waturkana wa Kenya wameumia sana kwa ugonjwa huo, kwa kuwa wanaishi karibu mno na mbwa wao. Dawa yake inaanzia kwa mchinjaji. Ini lenye malengelenge lichomwe au lifukiwe kwa kina, lisitupwe kwa mbwa wanaongoja nje ya uzio. Pita Nyakanazi au Benaco jioni, pale malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapolala. Hesabu mbwa waliozunguka mabucha na vibanda vya chipsi, kisha niambie nani amewaleta pale. Sisi ndio tunaowalisha, ila tunawalisha takataka.

Kuna nchi, kama Uingereza, ambako mwenye mbwa hutembea na kimfuko, akainama na kuokota, na asipookota hutozwa faini. Mtu akaniambia sisi hatuwezi, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni mosi 2019. Ndugu yangu, sisi tuna jembe. Hakuna nyumba ya Ngara isiyo na jembe. Dakika tatu kila asubuhi, unazunguka ua wako, unakwangua, unatumbukiza chooni au unafukia mbali na kisima na mbali na bustani. Mbwa akizoeshwa kufungwa mchana upande mmoja wa ua, atajisaidia upande huo huo, na kazi inapungua. Dawa ya minyoo ya mbwa ipo kwenye maduka ya mifugo. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza kipimo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliumwa na mbwa. Yuko darasa la tatu. Alikuwa anarudi kisimani na kidumu cha lita tano, mbwa akamtokea nyuma, akamng'ata kwenye shavu la mguu. Alipofika nyumbani analia tulimuuliza ni mbwa gani. Akasema, "Ni Simba." Watoto wanawajua mbwa wa kitongoji kwa majina kama wanavyowajua walimu wao. Nikaenda kwa mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu ukae."

"Mzee, Simba amemuuma mtoto wetu."

Akatazama pembeni. Akasema, "Huyo mbwa si wangu. Alikuja mwenyewe hapa, sikumnunua."

Usiku wa kuamkia siku ile nilimsikia kwa masikio yangu akimwita mbwa huyo kwa mluzi. Nilitoka pale nikiwa na hasira, na njiani nikakuta vijana wameshakusanya marungu. Walitaka wakammalize Simba. Nikakubaliana nao. Tulikuwa tunaelekea kumtafuta pale simu ya dada yangu ilipoita. Alikuwa hospitali na mtoto, na mhudumu alikuwa amemuuliza maswali matatu: Mbwa huyo ni wa nani? Amechanjwa lini? Yuko wapi sasa hivi? Dada hakuwa na jibu hata moja, akataka nimsaidie. Mhudumu akachukua simu akaniambia, "Msimuue. Mfungeni, mumtazame siku kumi."

Naomba tuelewane hapa, maana maisha ya watu yanapotea kwa kutolijua hili. Kirusi cha kichaa cha mbwa hutoka kwenye mate ya mbwa wakati ugonjwa umeshafika kwenye ubongo wake, na mbwa aliyefikia hapo hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mbwa aliyemuuma mtu akakaa siku kumi akiwa hai, anakula na ni mzima, hakuwa na kirusi kwenye mate siku ile alipouma. Hiyo ni habari ambayo hakuna kipimo cha zahanati kinachoweza kukupa. Ukimuua mbwa papo hapo na kumtupa, umeizika habari hiyo. Mwenye mbwa akikana, naye ameizika.

Lakini siku hizo kumi si za kukaa unangoja. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, hata kama mtoto analia na hata kama kidonda ni kidogo. Usipake majivu, usipake pilipili wala mafuta ya taa. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Sindano zinaanza siku hiyo, zinarudiwa baada ya siku tatu na baada ya siku saba tangu ile ya kwanza, na mganga ataeleza kama zinaendelea. Zahanati nyingi za vijijini hazina chanjo hiyo, hivyo kuna nauli ya bodaboda, kuna bei ya chanjo, na kuna kulala njiani kwa mtu anayetoka Murusagamba au ndani ndani huko Biharamulo. Wapo waliouza mbuzi ili wamalize sindano za mtoto. Wapo walioishia sindano ya kwanza fedha zikawaishia.

Na ugonjwa wenyewe, msikilizaji, ukishaonyesha dalili hakuna kurudi. Unaweza kukaa kimya mwilini wiki kadhaa au miezi miwili mitatu, kidonda kimepona na watu wamesahau. Kisha mtoto anaanza kushindwa kumeza, anaogopa maji, anashtuka hata kwa upepo, na ndani ya siku chache familia inazika. Duniani watu wapatao 59,000 wanakadiriwa kufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kwa Tanzania watafiti wamekadiria vifo kama 1,500 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya wanaokufa ni watoto, maana mtoto ndiye anayetumwa kisimani, na ndiye anayekwenda shule kabla jua halijapanda.

Watu hunipigia simu na kusema, basi tuwaue mbwa wote tupumzike. Nawaelewa. Nilikuwa na rungu mkononi mimi mwenyewe. Lakini jambo hili limejaribiwa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipata kichaa cha mbwa mwaka 1997 kwa mbwa walioletwa na mashua. Wakaua mbwa kwa maelfu, na ugonjwa ukabaki. Mbwa akiuawa anaacha nafasi na anaacha chakula jalalani. Baada ya miezi michache nafasi hiyo imejazwa na kitoto kisichochanjwa. Tofauti na hapo, tazameni Pemba. Walichanja mbwa kisiwa kizima, kichaa kikaisha. Mwaka 2016 kikarudi kwa mbwa waliotoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, kikaisha tena. Kinachohitajika ni mbwa saba katika kila kumi wawe na chanjo, mwaka hata mwaka. Vitoto navyo vipelekwe. Wengi wetu huviacha nyumbani tukidhani bado ni vidogo, kumbe ndivyo watoto wanavyochezea. Septemba 28 ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, na halmashauri nyingi hutoa chanjo karibu na tarehe hiyo. Mtendaji akitangaza, usimtume mtoto na mbwa asiyemmudu. Mpeleke mwenyewe, umshike kichwa.

Sisi watu wa Ngara tuna kumbukumbu nyingine juu ya mbwa, na nitaitaja kwa upole. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maiti zilipita Rusumo kwenye maji ya mto Kagera, tukiziona. Ng'ambo, nchini Rwanda, mbwa waliobaki katika nyumba zisizo na watu walikula maiti, na askari wakalazimika kuwapiga risasi. Ziko familia huku kwetu ambazo tangu wakati huo hazitaki mbwa uani, na sitamlaumu mtu kwa hilo. Ninachokumbuka mimi ni kwamba mbwa wale walikuwa na wenyewe. Walikuwa wakilala mlangoni pa mtu, wakiitwa kwa jina. Wenyewe waliuawa.

Mwaka huo huo, kule Serengeti, simba kama elfu moja walikufa kwa ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa, karibu simba mmoja katika kila watatu. Nawatajia hili wanaoishi pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mbwa asiye na chanjo anayeingia porini na vijana wa kuwinda anapeleka ugonjwa na anarudi na ugonjwa.

Sheria tunazo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, inamgusa mtu anayeacha kuchukua tahadhari juu ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Halmashauri ya kijiji nayo ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ikajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa wilayani. Mkutano huo unatakiwa kila miezi mitatu. Tunapokwenda, tunazungumza michango ya madarasa na migogoro ya mipaka hadi jua linazama. Natamani ajenda moja tu iwe daftari la mbwa: nyumba ya fulani, mbwa wangapi, wamechanjwa tarehe gani, wanafungwa wapi mchana. Daftari la shilingi elfu moja linatosha. Mwenyekiti wa kitongoji anazijua nyumba zake zote, na jina likishaandikwa mbele ya watu si rahisi kulikana mtoto anapotokwa damu.

Watu wa Biharamulo, ninyi mnajua thamani ya kusema ukweli mapema. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa wilayani kwenu, kilichosaidia ni watu kueleza walimgusa nani, walizika wapi, walikaa na nani, mpaka Machi 13 ikatangazwa kwamba umekwisha. Ni watu walewale. Mtu aliyeweza kusema "nilimshika marehemu" anaweza kusema "mbwa ni wangu".

Siku ile baada ya simu ya mhudumu nilirudi kwa yule mzee. Nikamweleza habari ya siku kumi. Nikamwambia sitaki fidia wala ugomvi, nataka Simba afungwe mahali tunapoweza kumwona, na kama hana mwenyewe basi nitamfunga kwangu. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani na bakuli. Hakusema neno. Akapiga mluzi, na Simba akaja.

Alimfunga chini ya mparachichi, kando ya njia, kila apitaye amwone. Kila asubuhi alimpelekea maji na ugali, akafukia uchafu wake kwa jembe. Mpwa wangu alikuwa akienda sindano na kurudi. Siku ya nne alisimama mbali akamtazama mbwa. Siku ya nane alimtazama kutoka karibu zaidi. Siku ya kumi tulikwenda pale mimi, dada yangu, mwenyekiti wa kitongoji na wale vijana wa marungu, mikono mitupu. Simba alikuwa amesimama, anatikisa mkia, bakuli ni tupu. Mzee akamgeukia dada yangu akasema, "Mama, ni mbwa wangu. Nisamehe."

Akaifungua kamba kwenye mti, akaizungusha mkononi, akaondoka na mbwa wake mchana kweupe katikati ya njia, watoto wakiwapisha.